Dawa Mbili, Mikia Miwili

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu Maretadu kwa sababu ya goti. Alitoka Dirma kwa basi, akashuka na fimbo yake, kidumu cha lita tano cha mafuta ya kondoo, na kondoo wawili majike waliotolewa kwenye buti wamefungwa miguu. Kondoo walikuwa zawadi ya wajukuu. Mafuta yalikuwa zawadi yangu.

"Umekauka sana, mwalimu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Hiki kidumu utakimaliza mwenyewe."

Aliniita mwalimu tangu siku niliyoolewa. Upande wao mke hatamki majina ya wakubwa wa mumewe, na naona yeye aliamua na langu asilitamke, ili tuwe sawa. Mimi nilimwita mama. Kwetu ni wakulima wa huku juu, kwao ni wafugaji wa kule chini tambarare. Lugha yake siijui zaidi ya salamu, na yangu yeye hajawahi kuihitaji. Kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili, changu cha darasani na chake cha mnadani, na tulielewana vizuri kuliko watu wengi waliozaliwa nyumba moja.

Shida ilikuwa kidumu. Mimi nafundisha sayansi darasa la tano, na ubaya wa kufundisha sayansi ni kwamba mtu unaishia kuyaamini unayoyafundisha. Nyumbani kwangu mafuta ya kupikia yalipimwa kwa kijiko cha chai. Makande yangu hayakuonja hata tone. Maziwa niliyaengua utando wa juu kabla mtu hajayagusa. Mume wangu, ambaye ni fundi pikipiki, mtu mwenye mwili na subira, alikuwa akichelewa kurudi jioni, na akirudi ananukia chapati. Nilijua, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba siku moja vipimo vitasema.

Mama mkwe alitia mafuta ya kondoo kwenye uji, akatia kwenye chai, akatia kwenye mboga, na yaliyobaki kiganjani akajipaka miguuni. Nikakificha kidumu nyuma ya magunia ya mahindi. Kesho yake kilikuwa mezani. Nikakisukuma chini ya kitanda. Kikarudi mezani. Hatukugombana hata siku moja. Kila asubuhi nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nimelalaje, na kidumu kikaendelea kutembea.

Goti lilipozidi nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa binti ambaye kwa umri ningeweza kuwa nimemfundisha kusoma. Alimwamkia mama mkwe kwa adabu, akalikunja goti na kulikunjua, akasema kwa umri ule ni vizuri apimwe na damu, sukari na mafuta. Kisha akaniangalia mimi.

"Na wewe mwalimu, umeshavuka arobaini na tano?"

"Nimevuka mwaka jana."

"Basi mpime wote wawili. Kesho asubuhi mje hamjala."

Sikuhitaji kubembelezwa. Kesho yake nilitoa mkono kama mwanafunzi hodari anavyotoa daftari lisahihishwe. Tulipokuwa tunasubiri kwenye benchi nilikuwa nimeshayaandaa maneno ya kumwambia mama mkwe majibu yakitoka. Yalikuwa maneno ya upole sana. Yalianza na "mama, hakuna anayekulaumu."

Daktari alitoka na karatasi mbili. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akatuangalia, akasoma tena.

"Samahani, nani ni nani?"

Tukamwambia. Akarudi maabara. Tulimsikia akiuliza kama majina hayakubadilishana chupa. Tukatolewa damu tena, na mama mkwe akasema kama ni ng'ombe angeshauliza wanakamua mara ngapi kwa siku. Majibu yakarudi yale yale.

"Mama," daktari alimwambia, "mafuta yako kwenye damu yapo vizuri kabisa. Sukari nzuri. Endelea kutembea, ila hayo mafuta ya kondoo yapunguze kidogo." Halafu akasema, "Mwalimu, wewe kaa."

Nilikuwa nimekaa.

"Lehemu yako iko juu. Ile mbaya. Iko juu sana."

"Lehemu ni nini?" mama mkwe akauliza.

"Ni aina ya mafuta, mama. Ikizidi inaganda kwenye mishipa ya damu."

Mama mkwe akaninyooshea fimbo. "Huyu? Huyu anakula majani."

Alicheka. Sijui kama nimewahi kumwona mtu akicheka vile hospitalini. Muuguzi alichungulia. Kisha mama mkwe akatumwa dirishani kuchukua dawa yake ya goti, akaondoka akiwa bado anajifuta macho, na sisi tukabaki wawili.

Daktari akasogeza kiti. Akaniambia kwamba lehemu nyingi mwilini haitoki kwenye sahani, inatengenezwa na ini lenyewe, na kuna watu ini lao linatengeneza kupita kiasi hata wakila mchicha mwaka mzima. Mara nyingi ni kurithi.

"Kwenu kuna mtu alifariki ghafla akiwa bado na nguvu?"

Nikamwambia habari za baba. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Alikuwa anapasua kuni, akaingia ndani kuomba maji, akakaa kwenye kigoda, na kikombe kilimfikia ameshaondoka. Sisi tulisema amechoka. Wengine walisema mengine, juu ya jirani yetu na mpaka wa shamba, na jirani yule hatukumpa salamu kwa miaka mingi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile kabla ya binti yule. Nilijibu huku naangalia viatu vyangu.

"Basi tuanze dawa leo," alisema.

Nje nilimkuta mama mkwe amekasirika. Yeye alipewa mrija mdogo wa dawa ya kuchua. Mimi nilikuwa na boksi, na ndani ya boksi karatasi zinazong'aa zimejaa vidonge.

"Mimi mgonjwa wamenipa ya kupaka," alisema. "Ya kupaka hupewa ng'ombe. Wewe uliyenisindikiza umepewa ya kumeza."

Nyumbani habari ilifika kabla ya mimi kuvua viatu. Mume wangu alisikiliza, akakuna kichwa.

"Lehemu? Si ile ninayochomea nyaya?"

"Ni nyingine."

"Imeingiaje?"

Nikamweleza habari za ini. Alisikiliza kwa makini, maana ni mtu anayependa kujua kitu kinavyofanya kazi. Mwisho akauliza taratibu, bila dhihaka, "Sasa kama shida ni ini, tunaweza kuweka mafuta kidogo kwenye mboga? Mpaka hapa tulipofika, kuyakosa hakujasaidia."

Kesho yake mchicha ulipikwa kwa vijiko viwili, na mama mkwe, aliyekuwa anapika, aliniangalia usoni wakati anamimina cha pili.

Dawa ile ya kwanza inaitwa simvastatini. Unameza wakati wa kulala, kwa sababu ini hufanya kazi yake hiyo zaidi wewe ukiwa usingizini, na dawa yenyewe haikai mwilini muda mrefu. Niliimeza bila kukosa. Wiki ya tatu mapaja yakaanza kuniuma. Ilikuwa wakati wa palizi ya maharage, nikalilaumu jembe. Palizi ikaisha, maumivu hayakuisha. Nilikuwa nikiinuka kitini kwa hatua tatu kama trekta bovu.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Siku moja nilichuchumaa vizuri, kuinuka nikashindwa. Nikashika mlango. Mlango ule mume wangu alikuwa ameahidi kuufunga bawaba mpya tangu mwaka uliopita. Ukang'oka, tukaanguka pamoja, mimi chini yeye juu, na mama mkwe alikuwa uani anachambua mchele.

"Mwalimu," aliita kwa utulivu, "umeshindwa?"

"Sijashindwa, mama."

"Mlango uko juu yako."

Alikuja akauinua mlango kwa mkono mmoja, akanivuta kwa mwingine, akangoja nijifunge kanga vizuri. Kisha akanipa fimbo yake. Asubuhi ile nilishuka mteremko wa kwenda shuleni na fimbo ya mama mkwe, na yeye mwenye goti akatembea kando yangu mikono mitupu, ili nisianguke. Mwalimu mwenzangu wa hesabu alikuwa amesimama mlango wa ofisi ya walimu.

"Leo nani anamsindikiza nani?" akauliza.

Daktari alisema maumivu ya misuli huwapata baadhi ya watu wanaotumia dawa hizo. Akapima damu kuona kama misuli imeumia, akasema bado haijafika pabaya, akasimamisha dawa mpaka maumivu yaishe, kisha nianze nyingine. Safari hii mama mkwe alikuwa kando yangu. Nilitaka kuelewa, nikamwomba daktari anielezee tofauti.

"Nyingi ni ukoo mmoja," daktari alisema. "Zote zinaliambia ini lipunguze kutengeneza lehemu. Ila zinapishana nguvu, zinapishana muda wa kukaa mwilini, na kila mwili una inayoupenda. Ile uliyoacha inamezwa usiku. Hii nitakayokupa, atovastatini, inakaa muda mrefu, unaweza kumeza saa yoyote, bora iwe saa ile ile. Ipo nyingine, rosuvastatini, hiyo kipimo kidogo tu kinatosha. Halafu kuna za ukoo mwingine kabisa. Moja haina habari na ini, inazuia utumbo usiivute lehemu. Hiyo mara nyingi tunaiongeza juu ya hizi, kama hizi peke yake hazijatosha."

Mama mkwe alikuwa anafuatilia midomo ya daktari.

"Huyu wa kwanza," akasema, "alikuwa na kazi lakini anapiga teke."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu wa pili ni mpole?"

"Tunatumaini."

"Na huyo wa utumbo anakaa mlangoni."

"Mama, umeelewa kuliko wanafunzi wangu wengi," daktari akasema. Mama mkwe akakaa vizuri kwenye kiti. Sasa nadhani pale ndipo mambo yalipoanzia.

Atovastatini ilinikubali. Nilimeza asubuhi baada ya chai, nikangoja mapaja, mapaja yakanyamaza. Niliona raha mpaka nikaanza kuitangaza shuleni. Ndipo ilipofahamika kwamba mwenzangu wa hesabu naye anameza, miaka miwili sasa, rosuvastatini, na alikuwa hajamwambia mtu kwa sababu anacheza mpira na vijana.

"Wewe unameza ngapi?" akauliza.

"Ishirini."

"Mimi kumi." Uso wake ukafunguka. "Kwa hiyo ugonjwa wako ni mara mbili ya wangu."

Nikamweleza kwamba ishirini ya dawa yangu na kumi ya dawa yake haviwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Debe la pumba na debe la maharage yote ni debe, lakini yabebe uone. Kumi yake huenda ina nguvu kuliko ishirini yangu. Alichukua kipande cha chaki, akaandika kumi, akaandika ishirini, akaweka katikati alama ya ndogo kuliko, akaniuliza kama napinga hesabu. Walimu wengine waliunga mkono ubao. Mwisho akapendekeza tubadilishane kwa mwezi mmoja tuone, na nikiri kwamba nilifikiri juu ya jambo hilo mpaka nilipofika nyumbani.

"Ng'ombe tunaazimana," mama mkwe aliniambia nilipomsimulia. "Jembe tunaazimana. Dawa, daktari amekuangalia wewe, hajamwangalia yeye."

Niliona aibu. Nilijiambia kwamba yule mama ndiye mwenye akili pale nyumbani. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano ya wiki iliyofuata vidonge vyangu viliisha, na ilikuwa katikati ya mwezi, wakati boksi lilitakiwa kufika mwisho wake.

Nilianza na mume wangu. Nilimwuliza, kwa sauti ninayotumia kwa mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ya jibu, kama anameza dawa yangu ili ale chapati bila wasiwasi.

"Chapati nakiri," akasema haraka, kabla sijamaliza. "Mbili kila jioni, siku nyingine tatu. Dawa sijagusa."

Nilikaa siku nne bila dawa mpaka nilipopata nafasi ya kufika duka la dawa na cheti changu. Boksi jipya nikaliweka ndani ya mkoba, mkoba nikauweka juu ya kabati. Vidonge vikaanza kupungua tena. Hapo nikaanza kujishuku mwenyewe, kwamba labda nameza mara mbili na kusahau.

Jumamosi moja, ukungu ulikuwa bado haujaondoka, nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta kuku aliyehamia kutaga bandani. Nilipomkamata mlangoni nikasikia mama mkwe ndani anaongea kwa lugha yake, sauti ya kubembeleza. Nikachungulia. Alikuwa amepiga magoti, lile lile goti, amemshika kondoo taya kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa na tonge la ugali. Alilisukuma ndani, akaufunga mdomo wa kondoo, akamkanda koo mpaka lilipopita. Kando yake, juu ya jiwe, kulikuwa na karatasi yangu inayong'aa ya atovastatini. Na nyingine. Ile nyingine ilikuwa simvastatini yangu ya zamani, ambayo nilidhani iko kwenye mkebe wa sindano na uzi.

"Mama!"

Hakushtuka. "Subiri. Huyu hajameza vizuri."

Kondoo mmoja alikuwa na kitambaa chekundu shingoni, mwingine cha bluu. Kwenye msumari palining'inia kamba mbili zenye mafundo.

"Mama, hii ni dawa yangu!"

"Najua. Chekundu anakula yule anayepiga teke. Bluu anakula mpole." Akaishika kamba ya kwanza, akaizungusha kwenye mkia wa kondoo, ule mkia mpana wa mafuta, akaonyesha fundo kwa kidole. "Nawapima kila Jumamosi. Wewe unasema dawa inaondoa mafuta. Mafuta yako wewe siyaoni, yako ndani. Ya kondoo yako mkiani, nayaona. Nikitaka kujua dawa ipi ni nzuri, nitajuaje?"

Nilisimama pale bandani na kuku wangu kwapani. Nimefundisha jaribio la kisayansi kwa miaka ishirini. Nimeandika ubaoni mara nyingi: uliza swali, pima, linganisha, andika. Hakuna mtoto aliyewahi kwenda nyumbani akafanya. Na huyu mama ambaye hajaingia darasa lolote alikuwa na swali, vipimo, alama na siku maalumu ya kupima. Nikasema, kabla sijajizuia:

"Lakini umekosa kondoo wa tatu. Asiyepewa dawa yoyote. Wa kulinganishia."

"Wa tatu ni mimi," akasema. "Mimi ndiye sikupewa."

Nikamwuliza amepata majibu gani. Mkia wa chekundu ulikuwa pale pale. Mkia wa bluu ulikuwa umeongezeka fundo moja.

"Mpole wako ananenepesha," alisema kwa huruma. "Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Mama, ni ugali. Unawapa ugali kila siku."

Alifikiri. "Chekundu hatafuni vizuri," akakubali. "Anatema nusu."

Hapo kicheko kilinitoka, na kilipokwisha nikakumbuka zile siku nne, na hasira ikaja. Nikamwambia kwamba dawa ile si ya kuchezea, kwamba nilikaa bila dawa kwa sababu yake. Akaniambia nisikasirike, siku nne bila kukonda hazimuui mtu.

"Kukonda?"

"Si dawa ya kukonda? Unapima mafuta kwa kijiko. Unaficha kidumu. Nikasema huyu anataka kiuno kama cha wasichana wa kwenye simu. Nikasema mwanangu ana mke mzuri, kwa nini anajisumbua."

Kumbe siku ile alipokuwa dirishani anachukua dawa ya goti, maneno yote ya muhimu yalisemwa yeye hayupo, na mimi sikumwambia baadaye. Nikakaa juu ya lile jiwe nikamweleza. Kuni, kigoda, kikombe cha maji. Miaka hamsini na moja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazikusanya zile karatasi mbili, akazipangusa kwenye nguo yake, akanipa.

"Kwa nini hukusema?"

"Sikujua kama hujui."

"Mwalimu," alisema, "wewe unafundisha vitu vyote, isipokuwa kile kimoja mtu anachotakiwa kujua."

Jioni nilimpigia simu bwana mifugo kumwuliza kama kondoo waliokula dawa ile watadhurika. Nikasikia anamwita mkewe aje asikilize. Aliniomba nirudie. Alipomaliza kucheka alisema tuache mara moja, tuwaangalie kama watachechemea au kukataa malisho, na tusiwachinje mpaka atakapofika kuwaona mwenyewe. Alifika baada ya siku tatu, akasema ni wazima, akaomba kuziona kamba.

Tangu hapo mama mkwe akawa mlinzi wa dawa yangu. Sikuweza kumaliza chai kabla hajauliza, "Mwalimu, umemmeza?" Nikisema ndiyo, anataka kuiona nafasi tupu kwenye karatasi. Aliniuliza mbele ya mratibu wa elimu. Aliniuliza kanisani, katikati ya matangazo, kutoka upande wa pili wa kinamama, na kwaya ikageuka kunitazama. Mume wangu alisema ilikuwa nafuu wakati kidumu ndicho kilichokuwa shida.

Baada ya miezi mitatu nikapimwa tena. Ile lehemu mbaya ilikuwa imeshuka, haijafika bado panapotakiwa, lakini daktari alitabasamu, na aliniacha na dawa ile ile. Mama mkwe aliomba karatasi isomwe mara mbili, akitazama midomo.

Kisha daktari akasema jambo ambalo nilikuwa nalikwepa: ndugu zangu nao wapime. Nina kaka mmoja tu, mkubwa wangu, alihamia Hirbadaw miaka mingi, analima mahindi huko. Nilimpigia simu. Akasema hana kitambi. Nikamwambia hata mimi sina. Akasema yeye ni mwanamume, anafanya kazi ngumu, na mvua imekaribia. Nilipiga wiki iliyofuata, na iliyofuata, na kila mara mvua ilikuwa imekaribia.

Goti la mama mkwe lilikuwa limetulia, na ng'ombe wa Dirma walikuwa wanamwita. Aliniuliza kaka yangu anakaa upande gani wa Hirbadaw. Nikamwelekeza, nikidhani anataka kupita kusalimia.

Alichofanya huko, njiani kurudi kwao, alinisimulia kaka mwenyewe, kwa simu, siku mbili baadaye, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Mama mkwe alifika mchana. Walimkaribisha vizuri, wakamchinjia jogoo. Chakula kikaja. Akanawa mikono, akaikunja mapajani, akasema hawezi kula kwenye nyumba ya mtu asiyetaka kuishi.

"Nikadhani ni utani," kaka alisema. "Jogoo akapoa. Mke wangu akampasha moto. Akapoa tena. Majirani wakaanza kuja kuuliza kuna nini. Dada, mama mkwe wako amekaa kwangu hajala! Watu watasema nini?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho yake alfajiri nimekwenda kupima. Yeye ametangulia kwenye pikipiki."

Majibu yake yalikuwa juu kuliko yangu. Walimpa rosuvastatini, kumi. Alinisomea jina herufi kwa herufi, halafu sauti ikapungua kidogo.

"Sasa hizi dawa, dada, yako na yangu, ipi nzuri?"

Nilikuwa na jibu refu, la ukoo na nguvu na muda wa kukaa mwilini, na debe la pumba. Nikamwambia, "Nzuri ni ile utakayoimeza kila siku bila kukuumiza. Misuli ikiuma rudi hospitali, usiache mwenyewe."

"Nitameza. Ya kwanza nimeshameza. Amenisimamia." Nikasikia anasogea mbali na watu. "Dada, mimi nina wajukuu. Amenifungua mdomo mbele yao, akaangalia chini ya ulimi."

"Ukafanyaje?"

"Nikafungua," kaka akasema. "Ungefanyaje wewe? Halafu akamla jogoo mzima."